Msuli wa Mtukufu Haushonwi

Nchi ya Unyoofu haipo. Nalisema hili mapema ili msomaji asipoteze muda kuitafuta kwenye ramani, na mwenye nchi yake asije akasema nimemchungulia dirishani. Kama kuna mtu atakayejiona humu, basi amejiona kwa macho yake mwenyewe, na macho, kama tutakavyosikia, ni viungo visivyoaminika.

Unyoofu ilikuwa nchi iliyonyooka kuliko zote. Barabara zake zilinyooka hata pale mbele palipokuwa na mto. Kuvuka kulikuwa shauri la gari. Foleni zake zilinyooka. Hotuba zake hazikunyooka, lakini zilikuwa ndefu, na kitu kikiwa kirefu mno ni vigumu kuona kilipopindia. Juu ya unyoofu wote huo alikaa Mtukufu Mwelekezi, mtu aliyelionyesha taifa njia kwa miaka ishirini na saba, na aliyekuwa na makengeza.

Niwie radhi. Neno hilo lilikwisha kufutwa kwenye kamusi za shule kwa wino mweusi, kamusi moja baada ya nyingine, na walimu mia nne walioacha kufundisha kwa ajili ya kazi hiyo. Kwa lugha ya serikali, Mtukufu alikuwa na *mtazamo mpana*. Jicho la kulia lilimtazama aliye mbele yake. La kushoto lilikwenda zake pembeni kuangalia maslahi ya taifa.

Mtazamo huo ulizaa matunda. Siku Mtukufu alipounda baraza lake la mawaziri, alisimama ukumbini, akakaza macho, akasema, "Wewe! Waziri wa Maji." Wakainuka watu wawili, kila mmoja upande wake wa ukumbi, wakashika vifua wakalia kwa shukrani. Msaidizi wa Mtukufu alifungua mdomo aulize ni yupi, akaufunga. Maana kuuliza ni yupi ni kukiri kwamba haijulikani, na kukiri kwamba haijulikani ni kulisema lile neno lililofutwa. Wote wawili wakaapishwa. Ikawa hivyo hadi wizara ya mwisho. Tangu siku hiyo Unyoofu ina wizara kumi na mbili na mawaziri ishirini na wanne. Kila wizara ina Waziri Mtazamwa na Waziri Mwonwa, kila mmoja na gari lake, king'ora chake, na shemeji yake kwenye dawati la mapokezi.

Mambo yangeendelea kunyooka hivyo hivyo, lau si siku ya kuzindua daraja. Mtukufu aliletewa mkasi juu ya mto wa hariri ili akate utepe. Akatabasamu, akalenga, akakata tai ya balozi wa nchi jirani, shubiri moja kutoka kidevuni. Bendi ikapiga. Watu wakashangilia. Kesho yake gazeti la serikali likaandika kwa herufi kubwa: MTUKUFU AMZINDUA BALOZI. Lakini redio za nje zilicheka wiki nzima, na Mtukufu, ambaye masikio yake hayakuwa na upana wowote, akazisikia zote.

"Nataka jicho hili lirudi kazini," akasema.

*

Akaletwa bingwa wa macho kutoka ng'ambo, mtu mpole mwenye vidole virefu. Akaeleza kwamba jicho huvutwa huku na huku na misuli sita, na kwamba mmoja wa misuli ya Mtukufu umekaza kupita kiasi.

"Tunaukata pale uliposhikana na jicho," bingwa akasema, "tunausogeza nyuma kidogo, halafu tunaushona."

"Mnau... nini?"

"Tunaushona, Mtukufu. Kwa uzi mwembamba kuliko unywele."

Mtukufu hakuogopa kitu duniani isipokuwa sindano, na hofu hiyo ilikuwa siri ya dola.

"Mimi ni gunia la dengu?" akauliza. "Kiongozi anashonwa? Akishonwa leo, kesho atatiwa kiraka, keshokutwa atageuzwa ndani nje avaliwe upya! Msuli wa Mtukufu haushonwi. Itafutwe njia isiyo na uzi."

Bingwa alisindikizwa uwanja wa ndege kabla chai yake haijapoa.

Ikabaki kutafuta njia hiyo humu humu nchini. Madaktari wa watu hawakuwepo. Walikuwa kwenye semina ya uzalendo tangu mwaka juzi, na semina haikuwa imefika chakula cha mchana. Makarani wa masijala wakapekua mafaili siku tatu mchana kutwa, wakaibuka na moja ambalo mende walikuwa wamelila pembe mbili. Juu yake paliandikwa: *Majaribio ya Kuunga Msuli wa Jicho Bila Kushona, kwa Sungura.* Aliyeliandika alikuwa Daktari Salhina Mbonde, daktari wa wanyama katika kituo cha mifugo cha Kwa Njiwa.

Faili hilo halikukutwa Wizara ya Mifugo. Lilikutwa Wizara ya Mavazi na Heshima. Na hapa msomaji asiharakishe kucheka, kwa sababu karani aliyelipeleka huko alikuwa mtu makini sana. Aliona neno *msuli*. Akajua, kama ajuavyo kila mwanamume aliyewahi kurudi nyumbani akavua suruali, kwamba msuli ni ile nguo ya kujifunga kiunoni. Akaona neno *kushona*, moyo wake ukatulia. *Jicho* akalichukulia kuwa ni lile tundu dogo kwenye mfumo wa kitambaa. *Sungura* akadhani ni chapa ya kiwanda. Akagonga muhuri.

Kwa hiyo kibali cha Daktari Salhina, miaka mitatu nyuma, kilitoka Wizara ya Mavazi, na kilikuwa na masharti mawili. La kwanza: sungura wote wawe madume, kwa kuwa wanawake hawavai msuli. La pili: mtafiti apokee mita kumi na mbili za kitambaa cheupe, na asiombe kitu kingine. Daktari Salhina alisoma barua ile mara nne. Kisha akaenda sokoni akanunua madume kumi na mawili, akatandika kitambaa kwenye vizimba, akaanza kazi.

*

Na kazi aliifanya. Hili nalisema bila kejeli, kwa kuwa kulikuwa na mtu mmoja Unyoofu aliyekuwa anafanya kazi, na ingekuwa dhuluma kumficha.

Alimlaza kila sungura kwa nusukaputi. Akaukata msuli mmoja wa jicho, akausogeza nyuma kwa upana wa punje ya mchele, kisha badala ya kuushona akaubandika kwa gundi iliyomchukua karibu miaka mitatu kuichuja kwenye damu, ile ile inayofanya kidonda kigande. Akasubiri wiki sita. Kisha akapima kila jicho kwa kijirula chembamba, akaandika.

"Tisa wameshika," alimwambia Bi Kijoli, mlezi wa sungura, mwanamke wa makamo mwenye ulimi usiofungwa zipu. "Watatu wameteleza."

"Wameteleza wakaenda wapi?"

"Msuli umebanduka, jicho limekimbilia pembeni. Namba Saba ndiye mbaya zaidi. Tazama."

Bi Kijoli akainama kizimbani. Sungura Namba Saba alikuwa anatafuna majani huku jicho lake moja likikagua sikio lake mwenyewe.

"Maskini, huyu hana haja ya kioo," Bi Kijoli akasema. "Sasa umeandika nini?"

"Nimeandika *bado*. Robo nzima kuteleza si jambo la mchezo. Nataka sungura wengine arobaini na mwaka mmoja. Gundi ni nzuri, bibi, lakini sijui bado kwa nini imewakataa hawa watatu, na kitu usichokijua hukipeleki kwenye jicho la mtu."

Ndipo gari lenye king'ora likaingia uwanjani, na nyuma yake jingine lenye king'ora kikubwa zaidi. Akashuka mjumbe na barua. Daktari Salhina akaisoma kimya, akakaa juu ya gunia la pumba.

"Wanasemaje?" Bi Kijoli akauliza.

"Nilibandike jicho la Mtukufu. Siku ishirini na moja kutoka leo."

"Ukikataa?"

"Kisiwa cha Tafakari."

Bi Kijoli akashika kiuno. Kila mtu alikijua Kisiwa cha Tafakari. Mtu alipelekwa huko akatafakari, na akiisha kutafakari anarudishwa; ila hapajapata kutokea mtu aliyemaliza.

"Na ukikubali, jicho likateleza?"

"Kupotosha mtazamo wa taifa. Kisiwa hicho hicho, lakini bila mashua ya kukupeleka."

"Kuogelea?"

"Kuogelea, bibi. Na jiwe."

"Mwanangu," Bi Kijoli akasema baada ya kufikiri, "wewe una ndugu ng'ambo ya mpaka?"

"Nina sungura kumi na wawili upande huu."

*

Mawaziri wa Mavazi na Heshima walikuwa wawili, kama ilivyo desturi: Mheshimiwa Pazi, Mtazamwa, mnene, na Mheshimiwa Ling'ande, Mwonwa, mwenye sauti ya kengele. Walipogundua kwamba wizara yao ndiyo iliyobeba jicho la taifa, waliamua kuongoza kwa mfano. Ikatoka amri: kwa kuwa msuli wa Mtukufu haushonwi, hautashonwa msuli wa mtu yeyote katika Unyoofu. Misuli yote ifumuliwe mshono na kuungwa kwa gundi kabla ya mwisho wa wiki.

Mafundi cherehani walikaa vibarazani wakicheza bao. Wanaume walijifunza kutembea hatua fupi na kuokota vitu kwa vidole vya miguu. Ilipofika saa sita mchana, jua likikaza na gundi ikiyeyuka, ungeweza kuona mtaa mzima wa watu wazima wamesimama wima wakiegemea kuta kwa mgongo, wanangoja kivuli. Redio ya taifa ilisifu mkao huo mpya, ikasema sasa ndipo wananchi wamenyooka kweli.

Mawaziri wakaenda Kwa Njiwa kukagua majaribio, nao wakiwa wamevaa misuli ya gundi iliyopigwa pasi. Daktari Salhina alikuwa ndani anamtibu mbuzi aliyevimba tumbo, kwa hiyo wakasubiri nje juu ya benchi la bati, juani, nusu saa. Alipotoka aliwakuta wameketi kwa heshima kubwa.

"Karibuni ndani, waheshimiwa."

"Ahsante," akasema Pazi. Hakuinuka.

"Karibuni, sungura wako huku."

"Tunakuja," akasema Ling'ande, akainuka kidogo, akakaa haraka. Benchi lilikuwa limeinuka naye.

Bi Kijoli akapita nyuma ya benchi, akatazama, akafunika mdomo kwa upande wa kanga.

"Daktari," akasema, "hii yao imeshika vizuri kuliko ya sungura. Ila imeshika mahali pengine."

"Mama, uwe na adabu," Pazi akamkemea. "Lete maji ya moto."

"Ya moto kiasi gani, mheshimiwa?"

"Ya kawaida!"

"Maana nikikosea hapo nitasikitika mimi, utasikitika na wewe."

Ilichukua sufuria tatu. Walipobanduka na kufungwa mapande ya magunia ya pumba, wakaingia kukagua, wakasimama ghafla mlangoni. Ling'ande akafunika macho.

"Wako uchi!"

"Ni sungura, mheshimiwa," Daktari Salhina akasema.

"Faili linasema majaribio ya msuli. Iko wapi misuli yao?"

"Ndani ya macho."

Mawaziri wakatazamana. Yalikuwa macho ya watu wanaogundua kwamba kwa miaka mitatu wamekuwa wakisimamia kitu wasichokijua, na wanaopima kama kuna aliyeona wakigundua.

"Bila shaka," akasema Pazi. "Tulikuwa tunakupima wewe. Sasa tuonyeshe wanavyotazama mbele."

Daktari Salhina akaeleza kwa upole kwamba sungura, hata aliye mzima kabisa, hatazami mbele. Mungu amemwekea macho ubavuni mwa kichwa ili amwone adui anayekuja nyuma. Mafanikio hayaonekani kwa kumtazama usoni. Yanapimwa kwa rula, pale msuli ulipobandikwa.

Pazi hakusikiliza. Alishika karoti mbele ya pua ya sungura Namba Moja. Namba Moja, aliyekuwa miongoni mwa walioshika, akamtazama Pazi kwa jicho la kulia na ukuta kwa jicho la kushoto.

"Ana mtazamo mpana!" Pazi akapaza sauti kwa furaha, akapiga makofi. Kisha mikono yake ikasimama hewani. Maana kama sungura aliyepona ana mtazamo mpana, basi mtazamo mpana ndio uzima, na Mtukufu anatibiwa nini? Na kama mtazamo mpana ni ugonjwa, yeye Pazi amekwisha kuupigia makofi.

"Ana... ana uono," Ling'ande akamsaidia.

"Ana uono," Pazi akakubali, akafuta jasho kwa gunia.

Kisha wakaiomba ripoti. Waliisoma hadi walipofika kwenye *watatu wameteleza*, na hapo Ling'ande akatoa kalamu.

"Hili neno kuteleza, Daktari, si neno la kitaifa. Taifa halitelezi."

"Lakini wameteleza."

"Hawakuteleza. Wameonyesha *msimamo unaonyumbulika*." Akaandika. "Na kunyumbulika ni aina ya kushika. Tisa na watatu ni wangapi?"

"Mheshimiwa, kama mtabadilisha hiyo hesabu, atakayepofuka hatakuwa sungura."

"Kumi na wawili," akasema Ling'ande, akaandika. "Na hapa chini umeandika *bado*." Akatafakari, akaongeza neno moja mbele na moja nyuma. Sasa ilisomeka: *Hakuna bado tena.*

*

Siku ilipofika Daktari Salhina alivaa koti lake jeupe, akatia kikapuni gundi, kijirula na sungura Namba Saba.

"Huyo wa nini?" Bi Kijoli akauliza.

"Shahidi."

"Ungechukua hata mmoja aliyeshika, mwanangu. Ungemwonyesha huyo, ukanyamaza, ukabandika, ukamwomba Mungu. Robo tatu si haba."

"Ingekuwa ni karata, ningecheza. Ni jicho la mtu."

"Jicho la *yule*."

"Hata yule analo kwa ajili ya kuonea."

Bi Kijoli akamtazama kwa muda, kisha akamfunga vizuri kifungo cha juu cha koti, kama mtu anayemwandaa maiti wake mwenyewe, akageuka kwenda kulisha sungura kumi na mmoja waliobaki ili asionekane uso.

Ukumbi wa ikulu ulikuwa umewekwa kitanda cheupe katikati. Mawaziri ishirini na wanne walikaa pande mbili, Watazamwa huku, Waonwa kule, wameitwa kushuhudia historia. Mtukufu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Kwa karibu alionekana mdogo kuliko kwenye mabango, na miguu yake haikufika sakafuni.

"Shikamoo, Mtukufu."

"Marahaba. Ndiwe wa gundi?"

"Ndimi."

"Ripoti nimeisoma. Kumi na wawili kwa kumi na wawili. Nilale upande gani?"

Daktari Salhina akaweka kikapu sakafuni, akamtoa Namba Saba, akamkabidhi kwa Mtukufu mapajani. Hakuna aliyewahi kumkabidhi Mtukufu kitu kinachotafuna. Walinzi walishika bunduki wakakosa pa kuzielekeza.

Mtukufu akamtazama sungura. Sungura akamtazama Mtukufu. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya Unyoofu kukutana viumbe wawili ambao hakuna mmoja wao aliyejua kwa hakika kama anatazamwa.

"Huyu ana nini?"

"Msimamo unaonyumbulika, Mtukufu!" wakaitika Pazi na Ling'ande kwa pamoja.

"Ameteleza," Daktari Salhina akasema. "Gundi haikumshika. Wako watatu kama yeye. Tisa wameshika, watatu wameteleza. Mtukufu, njia hii haijafika kwa watu; inahitaji sungura wengine arobaini na mwaka mmoja. Nikikubandika leo huenda ukapona, na huenda ukaangalia sikio lako hadi kaburini. Mimi nimekuja kukuambia hilo, na sasa nimekwisha."

Namba Saba akaanza kutafuna kifungo cha pajama la Mtukufu.

"Ripoti inasema kumi na wawili."

"Ripoti niliyoiandika mimi haisemi hivyo."

Mtukufu akainua kichwa polepole, akakaza macho ukumbini, akasema kwa sauti ya chini:

"Ni *wewe* uliyefanya hivi."

Upande wa kulia Mheshimiwa Ling'ande akaanguka kifudifudi. "Nilibadilisha herufi chache tu, Mtukufu!"

Lakini upande wa kushoto, mwisho kabisa wa safu, akaanguka pia Waziri wa Uvuvi, mtu ambaye hajawahi kugusa faili la sungura maishani mwake. "Nisamehe, Mtukufu! Lile bwawa halikuchimbwa! Ile picha ni ya bwawa la mjomba!"

Mtukufu alishtuka, akageuza kichwa kumtazama vizuri. Kugeuza huko kukamwangusha Waziri wa Elimu kulia na Waziri wa Reli kushoto.

"Kamusi hazikufutwa zote! Nyingine tulipaka masizi tu!"

"Treni moja ni ya plastiki!"

"Treni gani?" Mtukufu akauliza, akageuka, na waliobaki wakaanza kuporomoka wawili wawili, kama vikombe kwenye kabati linalotikisika. Walikiri shule zisizo na paa na paa zisizo na shule. Waziri wa Afya alikiri kwamba semina ya uzalendo haina mwalimu, kila daktari anadhani mwalimu ni yule mwingine. Mmoja alikiri kwamba yeye hata siye aliyeitwa siku ya kuapishwa. Alikuwa amekuja kurekebisha kipaza sauti.

Ukiwaacha walinzi, Daktari Salhina ndiye pekee aliyebaki amesimama, na hakujua kama hiyo ni dalili njema.

Mtukufu akapumua. Akampapasa sungura mgongoni.

"Daktari," akasema, "ile njia nyingine. Ya uzi. Inashika wangapi?"

"Karibu wote, Mtukufu. Imefanywa kwa watu miaka mingi."

"Sindano ni kubwa?"

"Huwezi kuiona hata ukitaka. Na utakuwa umelala."

Nasema kweli, mtu yule alikuwa amedhamiria. Aliifumba mikono yake, akaifumbua, akasema kwa ujasiri ambao magazeti hayakuuandika kwa sababu hayakuwepo: "Basi mwite yule wa vidole virefu arudi. Nishonwe. Nitalala muda gani?"

"Saa moja hivi. Pengine na nusu."

"Saa moja si neno." Akavuta shuka. Kisha akaacha kuvuta. "Na saa hiyo moja nikiwa nimelala, nani atashika nchi?"

Sijui kama msomaji amewahi kuona mawaziri ishirini na wanne wakiinuka kutoka kifudifudi kwa mpigo. Ni kitu cha ajabu. Hakuna aliyetumia mikono. Aliyekuwa analia alikwisha kukauka machozi hewani; aliyekuwa amezirai alizinduka akiwa wima, kidole juu, kama mwanafunzi anayejua jibu. Hata yule wa kipaza sauti alikuwa amekishika.

Mtukufu aliwatazama wote kwa mara moja, jambo ambalo yeye tu aliliweza.

"Kaeni," akasema.

Wakakaa.

"Daktari, chukua sungura wako."

Daktari Salhina akamwokota Namba Saba, akamtia kikapuni, akangoja kusikia neno kisiwa. Halikuja. Mtukufu alikuwa amerudisha miguu kitandani na kujifunika hadi shingoni, macho wazi kabisa, moja likiwalinda Watazamwa, la pili likiwalinda Waonwa.

"Nenda kaongeze hao arobaini," akasema bila kumgeukia. "Majike kwa madume. Na ripoti uniletee wewe, kwa mkono."

Jioni hiyo redio ya taifa ilitangaza kwamba, kwa huruma yake isiyo na mipaka, Mtukufu Mwelekezi amelisamehe jicho lake.

Daktari Salhina alishuka ngazi za ikulu na kikapu mkononi, akapita walinzi wa kwanza, wa pili, na wa lango kubwa. Moyo wake ulimwambia akimbie. Hakukimbia. Alitembea taratibu hadi kituoni Kwa Njiwa, hatua fupi, kama mwanamume mwenye msuli wa gundi, kwa sababu katika nchi ya Unyoofu anayekimbia hukamatwa kwanza, kosa lake hutafutwa baadaye.